Ng'ombe Aliyechukua Kazi Yangu

Siku mliponiaga, vijana wangu wa laboratwari, mlinipa mwavuli, saa ya ukutani na hotuba. Mwavuli ni mzuri. Saa inatembea ikitaka. Hotuba ndiyo iliyonisumbua, maana aliyeisoma alisema mimi, Papa Mugisho, nilikuwa nguzo ya kupima ubora wa kazi pale usine, yaani kiwandani. Nilikohoa ili nisicheke. Katika miaka yangu yote nguzo ya namna hiyo niliijua moja tu, ilikuwa na miguu minne na mkia, na mimi ndiye niliyeondolewa ili ipate nafasi. Afadhali mlisikie neno hili kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wa Nyangezi, ambao wanalisimulia vibaya zaidi.

Nitaandika Kiswahili cha shule, kile walimu walichonifundisha kwa fimbo. Lakini watu wakifungua mdomo nitawaacha waseme Kiswahili yetu ya Bukavu, kwa sababu Papa Namegabe akisema kama kitabu hata mke wake atauliza huyu mgeni ni nani.

Nilianza kazi wakati nchi inaitwa Zaïre na kila mtu ni sitwayen, yaani mwananchi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa mlango. Usine yetu ilikuwa kando ya barabara inayoteremka kwenda Nyangezi, na kazi yake ilikuwa kusafisha kasiterite, yale mawe meusi mazito yanayotoa bati. Mawe hayo hayaji peke yake. Yanakuja na chuma, kama mgeni anavyokuja na ndugu zake, na mnunuzi wa Ulaya hataki ndugu. Kwa hiyo tulikuwa tunayalowesha katika asidi. Chuma kinayeyuka, bati linabaki, bati linapelekwa Ulaya. Ile asidi iliyoshiba chuma, yenye rangi kati ya njano na kijani, ilimwagwa katika kijito nyuma ya usine. Ikishakutana na hewa na maji inageuka kutu. Mawe yote ya kijito yalikuwa mekundu, na hakuna mtu pale kazini aliyeona ajabu, maana yalikuwa hivyo walipofika.

Siku yangu ya kwanza nilivaa koti jeupe ambalo mama alinishonea mwenyewe, na viatu nilivyovipaka rangi mpaka nikajiona usoni. Nilikuwa na diplome ya kemia na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Walinizungusha, nikatikisa kichwa kila mahali kama mtu anayekuja kununua. Tulipofika kwenye mapipa ya asidi nikaegemea pipa ili nisikilize maelezo vizuri. Saa sita mchana koti langu lilikuwa na madirisha nyuma, na suruali nayo imeanza kufungua yake. Nilipanda kamyo ya kurudi mjini kinyumenyume. Wafanyakazi waliniita Fenetre, dirisha kwa Kifaransa, mpaka Noeli. Basi, sheria ya kwanza: pale usine msiegemee kitu.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipomjua Maman Nabintu. Alikuwa mama wa makamo, mkulima, nyumba yake iko chini ya usine, na kijito kinapita kwenye shamba lake. Mnajua mihogo michungu ya kwetu: usipoilowesha majini siku kadhaa, sumu haitoki. Mama yake na bibi yake walilowesha katika vidimbwi vya kijito kile. Yeye naye analowesha palepale, hana maji mengine ya karibu. Lakini tangu usine ianze kumwaga asidi, mihogo yake inatoka ya kahawia, ina michirizi ya bluu. Unga wake sokoni hakuna anayeugusa. Shuleni watoto wake wanaitwa watoto wa kutu. Kila Jumatatu alipanda mlima na sahani ya bugali, ugali wa muhogo, iliyofunikwa kitambaa, anaingia biro, ofisini kwetu, anaiweka juu ya meza ya karani wa kwanza, anaifunua, anasema, "Kuleni." Kisha anasimama. Makarani wote wanaanza kuangalia dari.

Mimi nilikuwa mgeni, sikujua kwamba kazi yetu ilikuwa kuangalia dari. Nikasogea. Nikaona ile bluu, moyo ukaruka kwa furaha ya msomi, nikamweleza yule mama kwamba chuma kikikutana na sumu ya mihogo kinazaa rangi ya bluu safi kabisa, na Ulaya watu waliitafuta sana wapake nayo nguo na picha. Nilieleza kwa mikono yote miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Basi peleka Ulaya," alisema. "Mi nataka ya kula."

Nilitafuta pa kuegemea, nikakumbuka.

Ndipo Papa Namegabe alipoingia. Alikuwa shefu wa laboratwari, mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, kiko hakitoki mdomoni hata akiwa anafikiri. Alisoma kemia mbali na alikuwa anajua mambo mengi, ila alikuwa mvivu wa kuyasema. Aliangalia sahani, akamwangalia mama, akatoa kiko, akanawa mikono. Akavuta kiti. Akala ule bugali wa kahawia, tonge kwa tonge, bila mboga, mbele ya makarani wote, mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha akasema, "Maman, nasikia paka musumari, musumari tu. Rudi nyumbani, tutatafuta namna."

Siku ile nilimpenda yule mzee, na sijaacha kumpenda hadi leo.

Namna aliyoitafuta ilikuwa hii. Chuma kile tunachomwaga, alimwambia mkurugenzi, si uchafu. Kikikamatwa kabla hakijafika kwenye kijito, kikaushwe, kichomwe, kinakuwa unga mwekundu, uleule ambao wajenzi wanauchanganya na sima, yaani saruji, ili kupata sakafu nyekundu. Nani Bukavu asiyeijua sakafu nyekundu? Ni ile mama zetu walitupigisha magoti Jumamosi, tupake cire, ile nta ya sakafu, mpaka ing'ae. Unga wake ulikuwa unatoka ng'ambo, na wakati ule bidhaa za ng'ambo zilikuwa zimeanza kuadimika. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuulizwa na wakubwa wake. Akatoa jibu lake: unga ukipata watu wa kuutumia, kiwanda kidogo cha kuutengeneza kitabaki. Usipopata, maji ya asidi yatarudi kwenye kijito kama zamani. Kila mmoja wetu alijua kwamba hapo ndipo ulipolala unga wa mihogo wa Maman Nabintu.

Tulipewa banda bovu, mapipa ya mafuta yaliyokatwa na vibarua wachache. Kitu kikubwa tulichokosa ni soda, si ya kunywa, ile kali ya kutengenezea sabuni. Ili chuma kianguke kutoka kwenye asidi, lazima asidi uitulize kwa kitu kikali cha upande wa pili, na vitabu vyangu vyote vilisema soda. Soda ilikuwa inakuja kwa meli, kisha treni, kisha kamyo, kisha haiji. Nilikaa siku nzima nikiandika barua ya kuomba soda. Papa Namegabe aliisoma, akasema Kifaransa chake ni kizuri sana, akawashia nayo kiko. Kisha akanikumbusha kwamba banamuke wa kwetu wanapika sabuni kwa majivu ya maganda ya ndizi tangu kabla ya vitabu vyangu. Na mahali wanapokamua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila wiki, maganda hayawezi kukosa. Tukatangaza vilimani, majivu yakaja kwenye vikapu. Tukayachuja kwa maji, tukapata maji makali yanayoteleza mkononi. Tukayamwaga polepole ndani ya pipa la asidi. Pipa likatoa povu kama pombe iliyokasirika, na chini yake likaanza kutulia tope la kijani. Tukilikoroga hewani, linageuka kahawia mbele ya macho yako. Vijana, nimeona mengi, lakini tope lile la kwanza nililishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyezaliwa.

Moto ulisimamiwa na mimi, kwa hiyo mambo hayakuwa mazuri. Tope kavu ukilichoma kidogo linabaki la kahawia, ukilichoma sawasawa linakuwa jekundu, ukilipitiliza linakuwa zambarau. Papa Namegabe alinipa kipande cha kigae chekundu nikiweke mfukoni, nilinganishe rangi. Mimi niliamini macho yangu. Tanuru la kwanza lilitoa unga wa rangi ya biringanya. La pili vilevile, biringanya iliyoiva zaidi. Vibarua wakaniuliza kama tunatengeneza sakafu ya askofu. Kuanzia la tatu nilikuwa natembea na kigae mkononi, hata chooni.

Sasa tunafika kwenye ulimi.

Asidi na majivu yakipatana, pamoja na chuma yanaacha chumvi ndani ya maji. Tope lazima lioshwe: unajaza maji, unakoroga, unaacha litulie, unamwaga maji ya juu, unajaza tena. Usipoiondoa chumvi yote, itaingia kwenye sima, na sima haitunzi siri. Ili kujua kama imekwisha, kuna dawa ya fedha, tone moja tu, maji yakiwa na chumvi yanageuka maziwa. Chupa yetu ya dawa hiyo ilikwisha, na nyingine ilikuwa njiani pamoja na soda. Papa Namegabe akasema basi tutaonja. Yeye mwenyewe ulimi wake ulikuwa umekaushwa na kiko, hausikii kitu. Akanigeukia.

"Weye uko kijana," alisema. "Ulimi yako ingali mupya."

Msifanye hivyo. Nawaambia kama baba. Maji ya usine si ya kuonja, na mimi kuwa hai mpaka leo si ushahidi. Lakini wakati ule nilivimba kichwa. Nilijitengenezea kopo langu maalumu. Nilikuwa nasimama mbele ya pipa, nafunga macho, nazungusha maji mdomoni, natema kando kama padri aliyekosea divai, kisha natangaza, "Safi!" Na ajabu ni kwamba mimi nilikuwa naona maji safi haraka sana. Vibarua walinipenda, kwa sababu kuosha tope ni kazi ya punda. Niliwaambia ni kipaji.

Mkurugenzi akaamua kujaribu unga nyumbani kwake. Alikaa Ibanda, katika villa kwenye mkono wa nchi unaoingia ziwani, na alikuwa anajiandaa kupokea doti, yaani mahari, ya binti yake wa kwanza. Wakwe walikuwa wanatoka Nyangezi, watu wazito, wenye ng'ombe. Mke wake alitaka veranda yote iwe nyekundu siku hiyo. Fundi akamwaga sima, akasawazisha, akasugua. Ikapakwa cire. Nakubali kwa kinywa changu, ilikuwa nzuri. Jioni watu walitembea taratibu mbele ya nyumba ili waione, na mimi nilitembea taratibu zaidi ili wanione mimi.

Kisha mvua zikaanza. Asubuhi moja sakafu ikaonekana kama imepuliziwa unga mweupe. Watumishi wakafuta. Ikarudi. Mke wa mkurugenzi alidhani ni vumbi la fundi, akampigia kelele fundi. Fundi alidhani ni chokaa, akampigia kelele muuza sima. Mimi waliponiuliza nilisema ni sima inapumua. Sijui nililitoa wapi neno hilo, ila lilisikika la kitaalamu na wote wakaondoka.

Siku ya doti tulialikwa, hata sisi wa laboratwari. Alfajiri sakafu ilifutwa na kupakwa cire upya. Lakini jua lilitoka kali baada ya mvua, na kabla ya wakwe kufika weupe ulikuwa umeanza kuchungulia pembeni. Mkurugenzi alikuwa amevaa abacost mpya, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, shingo imenyooka. Wakwe wakaingia na msemaji wao, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele. Nyuma yao wakaja ng'ombe, wanaongozwa kwa kamba. Wa mbele alikuwa jike wa kahawia mwenye doa jeupe usoni, ametembea kutoka Nyangezi kwa miguu yake na ameshachoka na sherehe.

Jike yule alisimama, akanusa hewa. Akavuta kamba ikamtoka mchungaji mkononi. Akapanda ngazi mbili za veranda kama mtu wa nyumbani, akainamisha kichwa, akaanza kulamba sakafu.

Muziki ukanyamaza. Kukabaki sauti moja tu, ya ulimi wa ng'ombe kwenye sima, kama mtu anayesugua sufuria. Alilamba kwa bidii, anasogea hatua moja mbele, analamba tena, na nyuma yake sakafu inabaki nyekundu safi. Mkurugenzi alikwenda hadi pale. Aliinama na abacost yake, akagusa sakafu kwa kidole, akakiweka kidole mdomoni. Kisha akatafuta kwa macho, juu ya vichwa vya wageni wote, mpaka akampata Papa Namegabe.

Aliyetuokoa mchana ule ni msemaji wa wakwe. Alipiga fimbo yake chini akasema, "Mumejionea wenyewe. Kwetu ngombe ikilamba nyumba ya batu, imekubali bakwe. Na siye tumekubali." Mimi nimezaliwa katika nchi hii, sijawahi kusikia desturi hiyo, wala kabla wala baada ya siku ile. Naamini aliitunga palepale. Lakini wamama walipiga vigelegele, muziki ukarudi, na mkurugenzi akacheka kwa meno bila macho.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya chakula, na sahani yangu ilikuwa imejaa. Papa Namegabe alikuja akasimama mbele yangu. Hakuniangalia usoni, aliangalia sahani. Alichukua uma wangu, akanyanyua kipande cha makayabu, wale samaki wa chumvi tunaowapenda, ambao hata ukiwalowesha usiku mzima bado wanakuchoma midomo.

"Mugisho," alisema, "unakulaka hii kila siku?"

"Kila siku, Papa. Muke wangu, Maman Furaha, ananifungia ya saa sita."

"Hata siku za kuonja maji?"

"Zaidi siku zile, Papa. Kusudi nipate nguvu."

Alikirudisha kile kipande polepole, kama anarudisha maiti kitandani. "Niliuliza diplome yako," alisema. "Kumbe nilipashwa kuuliza sahani yako."

Jumatatu mkurugenzi alituita. Maman Nabintu alikuwa tayari amesimama mlangoni, kwa maana habari ya ng'ombe ilikuwa imeteremka mlima mbio kuliko kamyo. Safari hii hakuleta sahani. Alisimama tu, mikono imekunjwa, na nilipopita karibu yake sikuweza kumtazama. Ndipo nilipoona kwamba utani umekwisha. Mimi nilikuwa nimeharibu veranda, na veranda inavunjwa na kujengwa tena. Lakini kijito chake kilikuwa kimeanza kupungua wekundu kidogo, na kwa ajili ya kopo langu na samaki wangu kilikuwa kinakwenda kufa mara ya pili.

Mkurugenzi alisema kwa upole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwamba unga wenye kulambwa hauwezi kuuzwa kwa mtu, na kwamba maji yarudi kwenye kijito. Papa Namegabe alitoa kiko mdomoni.

"Citoyen Directeur," alisema, "nipatie ile ngombe."

Tulidhani amechanganyikiwa. Akaeleza, na ni mara chache nilimsikia akisema maneno mengi hivyo. Ng'ombe yule, alisema, alisikia chumvi ndani ya sima kavu, chini ya cire, katikati ya harufu ya mapishi na marashi ya wageni wote. Laborantin wake, mpimaji wa laboratwari, na hapo alininyooshea kiko, hakuisikia ndani ya kopo. Kama kuna mtu wa kazi hii katika Bukavu nzima, ni huyo. Aachiwe ng'ombe huyo mpaka mvua ziishe. Veranda itamwagwa upya kwa unga ambao ng'ombe ameukubali, na ikitoka nyeupe tena, yeye mwenyewe atafunga banda na funguo ataleta.

Mkurugenzi alimwangalia, akaniangalia mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na alipocheka safari hii, macho nayo yalicheka. Alisema tumchukue ng'ombe. Mimi nilipewa kazi mbili: kuvunja veranda kwa nyundo, na kumkatia mwenzangu majani.

Kipimo kilikuwa rahisi. Ndoo mbili mbele yake, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji ya mwisho kutoka kwenye tope. Akikimbilia ya tope na kuimaliza, tunarudi kuosha. Akinusa zote mbili bila kuchagua, tope limekwisha kuoshwa. Vibarua walilia, maana huyu hakuwa na kipaji kama changu. Tulipokuwa tunaosha kidogo na kupumzika, sasa tuliosha mpaka mikono ikawa kama ya mzee wa miaka mia. Walimwita Sitwayene, lakini kwa sauti ya chini. Siku watu wa chama walipokuja kutembelea usine, mkubwa wao aliuliza ng'ombe huyu ni wa nini. Papa Namegabe alijibu kwa Kifaransa, bila kutikisa ndevu, kwamba ni laborantine. Yule mkubwa akaitika kwa kichwa na kupita, kwa sababu hakutaka kuonekana hajui.

Mimi niliumia, nawaambia ukweli. Nilitaka kazi yangu. Niliacha makayabu, niliacha chumvi kabisa, nikamwambia Maman Furaha asiweke hata punje kwenye chakula changu. Mwanzoni alinihurumia, alidhani naumwa. Baadaye alidhani kuna mwanamke mahali fulani anayepika vizuri kuliko yeye, na alifunga safari hadi usine kumtafuta. Alimkuta Sitwayene. Alirudi nyumbani anacheka njiani peke yake, na mpaka leo tukigombana ananiuliza kama nimeshamkatia mke mwenza majani.

Nilipoona ulimi wangu umetakata, nikaomba tupimwe wote wawili. Niliinama nikaonja kwenye ndoo ya tope, nikafunga macho, nikatafuta, nikasema safi. Wakamleta yeye. Akainamisha kichwa ndani ya ndoo ileile, akainywa yote mpaka ikalia, akainua uso na kunitazama, maji yanamdondoka kwenye ndevu. Nikaenda kuchukua panga la kukatia majani.

Mvua zilinyesha mwaka ule kana kwamba na zenyewe zimetumwa kutupima. Veranda ilibaki nyekundu. Zilipokwisha, mkurugenzi alituita Ibanda, akavua viatu mbele yetu, akatembea na soksi nyeusi kutoka pembe hii hadi pembe ile. Akageuza nyayo, akaziangalia moja moja. Hapakuwa na weupe. Alisema tuendelee. Kisha akaulizia ng'ombe wake, na Papa Namegabe akamjibu kwamba kwa bahati mbaya laborantine bado hana wa kumpokea. Alizeekea kwetu, huyo ng'ombe.

Kijito hakikupona haraka. Mtu ukimtia kutu miaka, hatakati kwa sabuni ya wiki moja. Mawe yalianza kurudia rangi yake juu kwanza, karibu na usine, kisha chini taratibu. Maman Nabintu aliacha kuja Jumatatu. Tulipaswa kufurahi, lakini biro ilikuwa kama kanisa lisilo na kengele, na makarani waliendelea kuangalia dari kwa mazoea. Niliogopa kwamba amekata tamaa na kuhamia kwa ndugu zake.

Halafu Jumatatu moja mlango ukafunguka, akaingia na sahani iliyofunikwa. Hakwenda kwa karani wa kwanza. Alikuja moja kwa moja mpaka laboratwari, akaiweka kwenye meza ya Papa Namegabe. Mzee alikuwa ameketi. Akasimama, akakivuta kiti chake nyuma, akanionyesha mimi.

"Laborantine iko kongé, inapumuzika leo," alisema. "Kaa."

Nikanawa mikono. Nikaketi. Maman Nabintu akavuta kitambaa, akasema, "Kula."

Ulikuwa mweupe. Si mweupe wa kusifia tu, mweupe kama vile vitu vinavyopaswa kuwa, bila mchirizi, bila doa. Nikakata tonge, bila mboga, kama mzee alivyofanya siku ile. Nikatafuta kwa ulimi wangu wote ile ladha ya chumvi na misumari niliyoizoea, kushoto, kulia, mpaka nyuma ya meno.

"Unasikia nini?" aliniuliza.

"Sisikie kitu, Maman."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Bugali tu."

Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunja tena. "Hii njo bugali ya mama yangu," alisema, na akageukia ukuta ili tusimwone anafuta macho. Papa Namegabe aliwasha kiko ambacho tayari kilikuwa kinawaka. Mimi nilikula mpaka sahani ikabaki tupu, na hicho ndicho kipimo pekee katika maisha yangu ya kazi ambacho hakuna mtu, wala ng'ombe, aliyekirudia nyuma yangu.